Duma na Mwanafunzi Wake Mzito

Duma alimfundisha Fisi mbio mpaka akamchoka.

"Unajikokota tu kutwa nzima," alimwambia. "Mbio ni kufyatuka mara moja na kumaliza."

"Na pumzi, mwalimu?"

"Ukishashinda, pumzi ya nini?"

Kesho yake Duma akafyatuka, akamkamata swala, kisha akaanguka kando yake akihema, hawezi hata kutafuna. Fisi akafika baadaye kwa mwendo wake uleule, kama anayetoka sokoni.

"Shikamoo, mwalimu."

Duma akafungua kinywa, ikatoka hewa tupu. Fisi akasubiri marahaba kwa adabu. Marahaba haikuja, akala.

Duma alipopata pumzi ya kusema, zilikuwa zimebaki pembe tu.

"Karibu, mwalimu," akasema Fisi, kama inavyompasa yeyote anayekutwa akila.