Mkunga Aliyeisaka Homa

Palikuwa na Nguchiro, mkunga wa msitu mzima. Homa ilipomuua mzazi wa tatu, wanyama walitaka kumuua Popo, wakidai ndiye anayeieneza. Nguchiro akawazuia.

"Hatumgusi mtu kwa kudhani. Nitauliza nyumba kwa nyumba. Nikimpata anayeieneza, nitamfungia pangoni, hata awe nani!"

Akaanza kwa Swala, aliyekuwa bado anatetemeka. "Shoga, kabla hujaugua Popo alifika hapa?"

"Hakufika."

"Ulikula nini?"

"Uji wako wa uzazi tu, Bi Nguchiro."

Ngiri naye akataja uji. Kima naye uji. Nguchiro akapandwa na hasira. "Uji wangu una nini? Kila chungu nakionja mwenyewe, na sijaumwa hata siku moja!"

"Unaonja kwa kitu gani?" Kima akauliza.

"Kwa mwiko huu huu ninaokorogea." Nguchiro akautazama mwiko wake: kila mara ulitoka kinywani mwake ukarudi chunguni.

Jioni akawaita wote. "Nimempata. Ni mimi. Homa imekaa mwilini mwangu, mimi hainiumizi, nyinyi inawaua. Chakula changu mtaniwekea mlangoni."

Akauvunja mwiko, akaingia pangoni.

Mwaka ule hakufa mzazi mwingine, na wote walizalishwa na Nguchiro, akiwaelekeza wasaidizi wake kwa kelele kutoka mle mle pangoni.