Uzi kwenye Pete

Nilikuwa nasahihisha karatasi ya hamsini na tisa, jibu lilelile nililowakaririsha mwenyewe: semiotiki ni taaluma ya ishara, neno lina asili ya Kigiriki, na zamani lilikuwa la matabibu waliosoma dalili za ugonjwa mwilini.

Nikatia vema. Macho yaliniuma.

Mke wangu akanisogezea chai. Pete yake ya ndoa ilikuwa imezungushiwa uzi mweusi, mara nyingi, isimtoke kidoleni. Uzi wenyewe ulishachakaa.

"Mama watoto, huo uzi wa nini?"

"Pete inanipwaya."

"Tangu lini?"

"Tangu mitihani ya muhula uliopita." Akaketi taratibu, ameshikilia meza. "Malizia kwanza, baba watoto. Umebakiza moja tu."