Padri wa Ng'ambo ya Barabara

Padri aliingia nyumbani kwa askofu kupitia mlango wa jikoni, kanzu yake ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Ng'ambo ya barabara waumini wake walikuwa wakifagia kanisa, na hakuna hata mmoja aliyepaswa kujua kwamba yuko huku.

Kanisa lake na la askofu huyu yalijitoa katika Kanisa kubwa la Anglikana siku ileile, ili kukilinda Kitabu cha Sala cha zamani. Kisha yakatengana yenyewe kwa yenyewe. Moja lilitaka ubani na sala za kuwaombea marehemu. Jingine halikutaka hata kuzisikia habari hizo. Tangu hapo waumini wao hawapeani mkono.

Askofu alifunga dirisha, akauliza kisa. Padri alieleza kwamba binti yake alifunga ndoa katika kanisa hili la wasiofukiza ubani. Kwa sababu hiyo, askofu wa upande wake amemwamuru amnyime binti huyo Meza ya Bwana Jumapili hii, mbele ya watu wote. Akitii, amempoteza mwanawe. Akikaidi, kazi imekwenda, na nyumba pia. Pa kutokea ni hapa tu, kama askofu atampokea awe padri wake.

"Na ubani umeuacha lini? Unanukia mpaka soksi."

"Leo asubuhi, Baba Askofu."

Askofu hakucheka.

"Marehemu mnawaombea kwa majina?"

Padri alihisi mtego. Alikiri kwamba huwaombea kila Jumatano, akaongeza haraka kwamba ni mazoea mabaya.

"Hata watoto wachanga?"

"Hata hao."

"Aliyefariki kabla ya kubatizwa, je?"

Padri hakuwahi kusikia mtihani wa namna hii. Alisema kwamba huyo naye hutajwa, mama yake akiwa amesimama karibu na madhabahu. Lakini yeye yuko tayari kulikana jambo hilo kwa kiapo, sasa hivi.

"Usiape."

Askofu aliinuka. Sebuleni mke wake alikuwa akipanga vitabu vya nyimbo, karibu na kitanda kitupu cha mtoto mchanga. Askofu alimtazama, akaurudisha mlango polepole, kisha akavuta kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. Padri aliinamisha kichwa, akangoja hukumu.

"Mwanangu," askofu alinong'ona, "huko kwenu, mtu na mke wake wakitaka kuhamia, wamwone nani?"