Swali Lililokataliwa Chuoni

Chuo kikikataa pendekezo lako la uzamivu, swali lako linapigwa marufuku nyumbani kwenu. Dada yangu Mwanaidi alipeleka lake: nani aliamuru mtaa wetu uchomwe, na waliopakiwa kwenye malori walipelekwa wapi? Leo limekataliwa, na mafundi wameshafunga kinasa sauti juu ya kabati la vyombo.

Mama, ambaye kwa miaka kumi na tisa hajala bila kuuliza baba yuko wapi, alipakua ugali, akamgeukia Mwanaidi.

“Si nilikwambia uandike habari za mbolea, msomi wangu?”

“Nisamehe, mama.”

Mimi sikusoma, lakini namba za malori yale ninazo kichwani. Mama akatazama mlango, akafungua mdomo, kisha akaniuliza kama mchuzi umekolea chumvi.