Harukwi Mtu

Mzee alikunywa funda moja tu, kisha akamnyooshea kikombe Rukiya, mhudumu wake.

"Zamu yako," alisema.

Tangu jana ilikuwa hivyo hivyo, na wote pale walidhani anakataa maji. Muuguzi alishasema kwamba asipokunywa leo atapelekwa hospitali, na wa umri wake wakitolewa katika nyumba hii ya wazee ya Anderlecht, huwa hawarudi.

Rukiya alikuwa amechoka. Ilikuwa Ramadhani, magharibi bado mbali, na midomo yake ilikuwa imekauka kama ya mzee.

"Nimefunga, mzee wangu. Kunywa wewe."

"Hapa harukwi mtu."

Macho ya mzee yalikuwa ukutani, kwenye picha yake na vijana wenzake wanne mbele ya ndege ya mabomu. Wakati wa vita ndege hiyo iliangukia baharini, wakabaki kwenye boti ya mpira na kopo moja la maji, wakinywa kwa zamu, funda moja moja. Aliyeokolewa ni yeye peke yake.

Mkono wake ulioshika kikombe ulikuwa mwembamba, mishipa imetokeza. Haukushuka.

Rukiya alisema bismillahi, akanywa.

Mzee aliliangalia koo la Rukiya mpaka akahakikisha amemeza. Kisha akachukua kikombe, akakielekeza kwenye kiti kitupu kando ya dirisha, akangoja kipokelewe.

Rukiya akainuka taratibu, akaenda kukaa kwenye kile kiti, akanyoosha mkono.