Lebo Tatu za Ntirenganya

Lebo zote tatu zilikuwa za mtu aliyekufa. Mama Mukamurenzi alizitoa mfukoni mwa koti la mumewe, akazifuta kwa kitenge, akafunga moja kwenye shingo ya kila gunia. Zilikuwa za plastiki, zenye namba, za aina ile inayofungwa kwenye mzigo wa madini ukitoka mgodini.

Ntirenganya hakuwahi kuzitumia. Shimo lilimwangukia mwaka jana. Wenzake walimletea mkewe koti aliloliacha nje ya shimo, pamoja na magunia matupu, meusi kwa vumbi. Hawakuwa na kingine cha kuleta.

Mama Mukamurenzi alikuwa amechoka kabla safari haijaanza, uchovu ule ambao usingizi hauutoi. Safari iliyopita alikwenda bila lebo. Kila barieri ya njiani, kizuizi cha watu wenye bunduki, ilichukua fungu lake, na alipofika Goma alikuwa na nusu ya alichotoka nacho. Binti yake Émérance aliutazama mzigo, akakaa chini.

"Mama, kama inafika tena nusu, miye nafunga hapa kabisa," alisema. "Naenda ku carrière, naponda mawe na wengine."

Carrière ni mgodi, na mgodi ni lile shimo. Mama Mukamurenzi alirudi nyumbani, akalitafuta koti la mumewe.

Habineza, dereva wa pikipiki, alifika kulipokucha. Aliinua gunia la kwanza, akalirudisha chini, akamwangalia.

"Mama, bamekudanganya. Hii si mawe ya muzuri. Ni nyepesi. Juzi nilibeba mbili tu, pneu ya pikipiki ikalala."

"Nimeona. Funga kamba, papa."

Habineza alifunga kamba huku akimhurumia. Mjane, aliwaza, kila mtu humuuzia takataka.

Waliteremka kuelekea Sake, njia ya Goma. Upande wa kulia kulikuwa na kilima ambacho zamani kililisha vijiji vitatu. Sasa kilikuwa na matundu na mahema ya plastiki. Mgodi ulikuwa umeleta pikipiki, bia na redio kubwa kubwa. Vijana wote walikuwa ndani ya matundu hayo, na majembe yao yalikuwa yanashika kutu nyuma ya milango.

"Weye ungali unalima, mama?" Habineza aliuliza.

"Nyuma ya nyumba tu. Peke yangu."

Kwenye barieri ya kwanza kijana mwenye bunduki alisoma lebo kwa kidole, akateremsha kamba, wakapita.

Kwenye ya pili walikuta bibi mmoja amesimama kando ya kapu lake la viazi. Kijana mwingine alikuwa anachota viazi vyake kwa bakuli la plastiki. Alichota mara moja, akafikiri, akachota mara ya pili. Viazi havina bosi wa kupigiwa simu. Mzigo wa mgodi unaye, na bosi huyo hulipana na wakubwa huko huko juu, ndiyo maana hakuna mkono unaougusa. Mama Mukamurenzi alitazama pembeni. Aliona haya kupita hivi hivi mbele ya yule bibi.

Baada ya Sake mvua ikaanza. Mama Mukamurenzi alivua kitenge cha juu, akayafunika magunia, mgongo wake ukalowa.

Habineza akacheka. "Tangu lini mawe inaogopa mvua?"

"Ni etiketi ndiyo inaogopa. Namba itafutika."

Barieri ya mwisho ilikuwa karibu na mji. Hapa mlinzi alikuwa mzee, mwenye macho ya kuzoea uongo. Alikifunua kitenge, akaweka kiganja juu ya gunia, akakiacha hapo.

"Ni ya nani?"

"Ya patron, bosi wa mgodi."

"Patron gani?"

Mama Mukamurenzi aliogopa. Akigundulika, wangechukua magunia yote, na yeye mwenyewe wangempeleka kusikojulikana. Na Émérance angeamka kesho, angepanda gari la mgodini. Akanyoosha mkono.

"Leta telefone, muzee. Namuita, unamuuliza weye mwenyewe."

Mzee aliutazama mkono ule, mgumu, wenye sugu. Akazitazama lebo. Kisha akaondoa kiganja chake polepole, akajipangusa vumbi jeusi kwenye suruali.

"Mupite."

Hawakusimama tena mpaka Birere, mtaa wa Goma. Habineza alipinda kwenye kichochoro, kati ya vibanda vya simu na wauza viatu, akasimama mbele ya mlango wa mbao. Ulikuwa umefungwa wiki mbili. Watu arobaini walizoea kuja hapa kila saa sita: wabeba mizigo wa mpakani, madereva wa pikipiki, mafundi. Siku hizi walikuja, wakausukuma, wakaenda zao.

Émérance alifungua. Hakumsalimia mama yake. Aliyahesabu magunia kwanza, akayapapasa moja moja kutoka juu hadi chini.

"Hawakugusa?"

"Hawakugusa."

Waliyaburuta ndani. Habineza akawafuata na gunia la tatu, akitaka kuona ni mnunuzi gani atakayepokea mawe mabovu namna ile. Mama Mukamurenzi alijitupa juu ya kiti, maji yakichuruzika kutoka kwenye nguo zake. Émérance akachukua kisu, akakata lebo, akafungua gunia jeusi, na ndani yake akafungua jingine, jeupe na safi.

Maharagwe yakamwagika juu ya ungo, makavu, bila kupungua hata bakuli moja. Émérance akavuta kigoda kando ya masufuria ya mkahawa wake, akaanza kuchambua mawe.