Huzuni Marufuku

Walimzika Fundi Jumanne asubuhi, na kufikia Jumatano mchana ukoo mzima ulikuwa umepigwa marufuku kuhuzunika.

Amri ilitoka kwa Shangazi, aliyesimama mlangoni akiwavua wageni vitambaa vyao vyeusi na kuvitupa kwenye kapu la nguo chafu. Ndani alilala Mwalimu, kaka yake Fundi, aliyerudi kutoka hospitali asubuhi hiyo. Siku kumi kabla alikuwa amekatwa zaidi ya nusu ya ini lake apewe mdogo wake, ambaye lake lilikuwa limekwisha kabisa. Upasuaji ulikwenda vizuri, madaktari wakapongezana, na siku ya saba Fundi akafa. Mwalimu hakuambiwa. Alikuwa amebakiwa na kipande cha ini, na kipande hicho kilitakiwa kiote hadi kiwe ini zima, la sivyo Shangazi angezika wa pili. Wote wawili aliwalea yeye tangu wakiwa hawajajua kufunga vifungo vya shati.

Tusimsingizie daktari. Yeye alisema tu, huku akiandika, kwamba ini hujijenga upya, na kwamba miongoni mwa vinavyolisaidia ni kemikali iitwayo serotonini, ambayo pia inachangia namna ini linavyotumia sukari na mafuta. Shangazi aliitikia kwa kichwa. Aliyetaka kujua zaidi ni Kasuku, binamu yao, naye hakumwuliza daktari, aliiuliza simu yake. Simu ikamjibu kwamba serotonini ni homoni ya furaha. Basi, mtu aliyefukuzwa redioni kwa kumwiga mkurugenzi hewani akageuka bingwa wa maini.

"Akicheka, linaota," alitangaza. "Akilia, linasimama."

Ukoo ambao haukuwahi kukubaliana hata juu ya rangi ya geti ulikubaliana papo hapo. Mjomba, ambaye mara ya mwisho kuonyesha meno ilikuwa kwa daktari wa meno, alipewa zamu ya vichekesho vya asubuhi. Timu ya Mwalimu, iliyokuwa inaburuta mkia kwenye ligi, ilianza kushinda kila Jumamosi, tena ugenini. Jirani aliyekuja kulalamika juu ya paa lake aligeuzwa getini, aende akavujiwe kimyakimya. Mwalimu alicheka kila alipotakiwa kucheka, mkono ameukandamiza juu ya mshono, maana kicheko kilimuuma kuliko sindano. Machozi yalipomtoka, wenzake walionyeshana dole gumba. Homoni ilikuwa kazini.

Shangazi mwenyewe alilia bafuni mara mbili kwa siku, bomba likiwa wazi. Kisha alinawa uso, akatoka na kutangaza bao jingine la timu.

Kuhusu Fundi, dawa ilikuwa Kasuku. Kila siku saa saba mchana alijibanza nyuma ya tangi la maji na simu ya marehemu, akampigia Mwalimu kwa sauti ya Fundi, ile ya kukwaruza, akitia kikohozi kila baada ya maneno matatu. Alisema bado amezuiliwa wodini, wageni hawaruhusiwi, wanaogopa maambukizi.

"Umekula?" Mwalimu aliuliza.

"Nimekula, Kaka."

"Umelala?"

"Nimelala."

Mwalimu huyu wa hesabu, aliyewahi kumtoa jasho mkaguzi wa shule kwa swali moja, hakumwuliza mdogo wake jambo lolote gumu kuliko hayo. Kasuku alieleza kitaalamu kwamba ini likipungua, na akili nayo hupungua. Siku moja mbwa wa jirani alibweka, akasikika dirishani na simuni kwa wakati mmoja. Shangazi nusura aangushe sinia. Mwalimu akaomba dirisha lifungwe, eti anasikia baridi, na nje jua lilikuwa la utosi.

Mwezi wa tatu tangu upasuaji, daktari aliwaonyesha picha. Ini lilikuwa limerudi karibu na ukubwa wake wa zamani. Mwalimu akiwa bado anavaa shati chumba cha pili, Shangazi alivimba kichwa, akamsimulia daktari mpango mzima, vichekesho, timu, hata tangi la maji. Daktari akavua miwani.

"Mama," alisema, "serotonini niliyokuambia mimi hutengenezwa kwenye utumbo. Hubebwa na zile chembe zinazogandisha damu kwenye kidonda, ikafikishwa kwenye ini. Haijui kama mtu amecheka au amefiwa."

Kwa hiyo miezi mitatu ya vichekesho vya Mjomba ilikuwa imekwenda na maji, na waliovisikiliza hawakuwa na wa kumdai fidia. Lililobaki ni kusema ukweli, kwa kuwa sasa hapakuwa na ini la kusingizia.

Walirudi nyumbani hakuna anayemtazama mwenzake. Kasuku aliiweka simu ya Fundi mezani, akasimama pembeni kama mwanafunzi aliyechelewa. Shangazi aliketi kando ya Mwalimu, akamshika mkono.

"Mwanangu," alianza, "kuhusu mdogo wako..."

Mwalimu alimpapasa mkono taratibu. Kisha akaichukua ile simu, akaifuta vumbi kwa pindo la shati, akamrudishia Kasuku.

"Kesho ukipiga, punguza kukohoa," alimwambia. "Nakuvumilia tangu siku ya kwanza. Mdogo wangu hakuwa anakohoa hivyo."